Dada Yetu, Fundi wa Miguu, Aliyeuliza "Ili?"

Ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mafundi wa karakana ambao hata leo mna plasta kwenye kucha, poleni kwa safari na asanteni kwa kufika. Anayesoma ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mwezi wa nane, akiwa kitandani, marehemu aliniambia hivi: "Najua watakupa wewe usome. Una sauti, na huna haya. Lakini kabla hujaandika, jiulize wasifu wa marehemu unasomwa ili nini. Marehemu mwenyewe hasikii, na wanaosikia walikuwa wanamjua. Ukikosa jibu, kaa kitako, waimbe tu." Nilimwambia aache maneno ya kifo. Akasema, "Hujajibu." Nitajaribu kumjibu kabla sijakaa.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha kibanda cha fundi viatu, mkabala na stesheni ya reli. Fundi viatu huyo alikuwa baba yetu. Mama alikuwa akifua nguo za hosteli ya wauguzi. Marehemu alikuwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kwa ubishi. Mama alikuwa akisema watoto wengine huanza na "mama" au "maji", lakini huyu alianza na "ili". Ni uongo wa mama, ila hakuna aliyewahi kuubisha. Akiambiwa, "Kamwite baba yako," aliuliza, "Ili?" Akiambiwa, "Fagia uani," aliuliza, "Ili?" Mama alimjibu, "Ili nisikuchape," na jibu hilo alilielewa upesi. Baba ndiye pekee aliyekuwa na subira naye. Alikuwa akishika msumari mdomoni na kumwambia, "Napigilia kisigino ili mwenye kiatu afike kazini bila kuchechemea." Marehemu aliridhika, akakaa pembeni kumtazama.

Alianza darasa la kwanza Januari 1964, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Ripoti zake zilikuja na maneno yaleyale mwaka hadi mwaka: "Anaweza, ila anauliza sana." Mwaka 1971 aliingia sekondari ya wasichana, akamaliza mwaka 1974. Mama alitaka awe mwalimu, baba alitaka awe chochote ilmradi asikae bure nyumbani, na yeye akaenda zake chuo cha ufundi kusomea useremala. Huko mwalimu wa karakana aliwaagiza wanafunzi watengeneze kigoda. Wenzake wakakimbilia mbao na misumeno, Dada akabaki amesimama.

"Wewe vipi?" mwalimu akamuuliza.

"Atakikalia nani?"

"Kigoda ni kigoda, binti."

"Magoti yake yanakunjika?"

Mwalimu, kwa hasira, akamwambia atakikalia bibi yake yeye mwalimu, kikongwe ambaye akikaa chini sana hainuki mpaka avutwe. Alidhani amemnyamazisha. Dada akatengeneza kigoda kirefu chenye mahali pa kushikia. Kilipewa alama ndogo kwa sababu hakikufanana na mchoro, na jioni hiyohiyo mwalimu akaondoka nacho kwapani kumpelekea bibi. Mwalimu huyo ndiye aliyemshauri aende chuo cha viungo bandia, akasoma huko kuanzia 1978 hadi 1981.

Tarehe 1 Juni 1981 aliajiriwa katika karakana ya viungo bandia ya hospitali kuu, lile jengo refu la bati lililo kati ya chumba cha kufulia na jenereta. Upande mmoja kuna meza za plasta, nyeupe mpaka sakafuni. Upande wa pili kuna majiliwa ya kubania kazi, misumeno, vipande vya ngozi, na mashine ya kusaga inayopiga kelele kama imekanyagwa mkia. Katikati kuna benchi la wateja, na mbele ya benchi mabomba mawili ya kushikia, ambapo mtu hujifunza kutembea upya. Juu ya mlango kumeandikwa kwa rangi ya kijani KILA MTU ATEMBEE. Maneno hayo yaliandikwa siku karakana ilipofunguliwa, na ndiyo shabaha yake. Lakini aliyeyaandika aliyaweka upande wa ndani, kwa hiyo mafundi waliyaona pale tu walipokuwa wakitoka kwenda nyumbani.

Mwaka 1994 aliteuliwa kuwa fundi mkuu. Kila asubuhi aliandika ubaoni nani atafanya nini: huyu akoroge plasta, huyu akate mikanda, huyu asage, huyu apake gundi. Alikuwa hodari wa kupanga. Maneno ya mlangoni yalibaki mlangoni, ya ubaoni yakabaki ubaoni, na hayakuwa yanajuana. Swali lake la utotoni alikuwa ameliacha nyumbani, maana kazini kulikuwa na foleni, na foleni haingoji maswali. Mwaka 1997 karakana ikapewa cheti cha pongezi kwa kutoa miguu mingi kuliko karakana nyingine zote. Wakakinunulia fremu, wakakitundika ukutani, wakapiga picha wamekizunguka.

Mwezi uleule alikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mama aliyepata pale karakana mguu wa kushoto mwaka uliotangulia, apunguziwe gauni la harusi ya jirani. Alipofika alikuta mlango wa duka uko wazi, na nyuma yake umesimama mguu. Akaujua mara moja, kwa sababu aliusaga yeye mwenyewe.

"Mama, huu si mguu wako?"

"Ndio wenyewe, fundi. Mungu awabariki. Unanisaidia mno."

"Unatembea nao?"

"Hapana. Unazuia mlango. Upepo wa hapa mbaya, unabamiza mpaka kioo kinataka kupasuka."

Dada alikaa chini. Yule mama, kwa upole kabisa, akaendelea kupima gauni huku akimweleza. Mguu ulikuwa mzuri, haukuumiza. Ila haukukunjika vizuri gotini, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Kisha kutoka dukani hadi nyumbani kwake ni mteremko wenye mawe, na mguu ule ulipenda sakafu ya hospitali. Akasema, "Mlinipima kila mahali, fundi. Mlinipima mpaka nikaona haya. Ila hakuna aliyeniuliza nataka kwenda wapi."

Usiku ule, kwa ushahidi wa shemeji yetu, mume wake, marehemu hakula. Asubuhi aliingia karakana kabla ya wenzake, akapiga mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto akaandika KAZI. Upande wa kulia akaandika neno moja: ILI. Mafundi walipofika wakauliza neno lililobaki liko wapi. Akawaambia hilo lililobaki wataliandika wao, kila mtu kwa kazi yake, kila asubuhi, kabla hajashika chombo. Na akaweka sharti moja: kila "ili" lazima iishie kwa mtu anayekwenda mahali.

Wa kwanza kusimama alikuwa mpiga plasta wa karakana, anayeitwa Chokaa, ambaye yuko hapa na atanisamehe.

"Dada, mimi nakoroga plasta," akasema. "Plasta ni plasta."

"Ili?"

"Ili ikauke!"

Karakana nzima ikacheka. Dada hakucheka. "Ikikauka?"

"Tunapata kalibu."

"Ya nini?"

"Ya mguu, jamani! Wa yule mwalimu wa shule."

"Anataka kwenda wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje anakotaka kwenda?"

"Yupo pale kwenye benchi. Kamuulize."

Chokaa alikwenda akiburuza ndala kusudi zisikike. Akakaa na mwalimu kwenye benchi, wakaongea, na wakaongea tena. Aliporudi alikwenda moja kwa moja mezani kwake. Alichukua kalibu ya jana, ambayo ilikuwa tayari na imekauka vizuri, akaipiga nyundo. Mwalimu yule alikuwa akifundisha ghorofa ya pili, na kutwa nzima alikuwa wima mbele ya ubao, na Chokaa alikuwa amempima akiwa ameketi. Akampima upya akiwa amesimama. Upande wa kulia akaandika, kwa hati ambayo hadi leo hatujui aliifunzwa na nani: "Ili mwalimu apande ngazi na asimame mpaka kengele."

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka toka siku hiyo. Kulikuwa na asubuhi za kununa. Kulikuwa na fundi aliyeandika "ili" moja kwa kazi zake zote akitumaini haitasomwa. Ilisomwa. Kulikuwa na siku walipoagizwa wang'arishe mguu wa maonyesho kwa ajili ya ugeni. Dada akauliza, "Ili?" Wakamjibu, "Ili wakubwa wauone." Akauliza hao wakubwa wanakwenda wapi. Wakasema hawaendi mahali, wanakuja hapa. Akaifuta kazi hiyo ubaoni, na ugeni ukakuta mguu una vumbi. Alipewa onyo, akalipokea kwa mikono miwili, akarudi kwenye jiliwa lake.

Jambo zito zaidi ni kwamba idadi ya miguu ilipungua. Fundi anayekwenda kutazama ngazi za mtu hasagi mguu mwingine saa hiyo. Mganga mkuu alimwita ofisini, akamwonyesha cheti kilichokuwa ukutani na takwimu zilizokuwa mezani, akamuuliza kama anataka karakana ifungwe. Marehemu akamwambia, "Daktari, wewe unahesabu miguu iliyotoka. Mimi nataka kuhesabu watu waliofika." Kisha akamwomba waende wote kwa fundi cherehani. Mganga mkuu alikwenda, nadhani kwa sababu alichoka kubishana. Akauona mlango, akauona na kilichouzuia. Karakana haikufungwa, na ubao ukaachwa na mstari wake. Fundi cherehani alipata mguu mwingine, unaokunjika kwenye pedali na unaoshuka mteremko. Gauni ambalo marehemu amevaa leo limeshonwa naye.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali hiyohiyo. Walifahamiana kwa sababu gari lilikuwa likiegeshwa nje ya dirisha la karakana, na Dada alikuwa akimfokea kwa moshi. Shemeji ameniruhusu niseme jinsi alivyoposa. Alimwambia, "Nataka kukuoa." Dada akasema, "Ili?" Shemeji alikuwa amejiandaa kwa "ndiyo" na kwa "hapana", kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akatokwa na ukweli: "Ili niache kula hotelini." Dada alicheka mpaka akashika ukuta, akasema angalau hajadanganywa. Baadaye mpishi wa nyumba alikuwa shemeji mwenyewe, kwani Dada alikuwa akirudi amechoka, na akipika anaunguza. Walijaliwa mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume. Watoto hao walikulia katika nyumba ambayo hata kuomba ruhusa ya kwenda kucheza kulihitaji maelezo. Binti mkubwa anasema aliwahi kujibu, "Ili nisiwe hapa," na akaruhusiwa.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2017. Walimuaga kwa keki na saa ya ukutani. Aliyemfuata ni msimamizi wa sasa, ambaye tuko naye hapa, na tumekubaliana naye niyaseme haya. Yeye alikuja na kompyuta. Aliondoa ubao, akaweka chati zilizochapwa: jina, kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Chati hazikuwa na nafasi ya "ili". Chokaa alikuja nyumbani jioni, hata kuketi hakuketi, akasema, "Dada, wameifuta."

Marehemu aliumia. Nasema wazi kwa sababu yeye hakusema. Hakwenda kulalamika, hakupiga simu. Alichonieleza mimi ni kitu kingine, na kilimkaa moyoni mpaka mwisho. Alisema, "Ubao si kitu. Mbao zipo. Ninachoogopa ni kwamba pengine miaka yote ile walikuwa wananijibu mimi tu. Kama walikuwa wananijibu mimi, sasa sipo, wamepumzika." Kwa miaka sita alikaa na hofu hiyo. Mafundi walipokuja kumsalimia hakuwahi kuwauliza, na wao, kwa kumwonea haya, hawakuwahi kumwambia. Wakaongea juu ya mvua na bei ya bati.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia mwaka uliofuata alikuwa akienda kusafishwa damu kila wiki. Alikuwa mgonjwa mgumu. Wauguzi wako hapa, ni mashahidi. Kila dawa aliiuliza "ili", kila kipimo "ili". Mabinti zake walimpangia ratiba ya siku, wakaibandika mlangoni mwa jokofu: dawa, chakula, kutembea uani. Akaisoma, akasema, "Mpango mzuri. Unakwenda wapi?" Binti mdogo, ambaye ni fundi umeme na hana maneno mengi, akamuuliza, "Mama, wewe unataka kwenda wapi?" Akasema anataka kufika karakana, mara moja, kwa miguu yake kutoka getini, akaone. Basi ratiba yote ikageuka. Chakula kikawa ili apate nguvu za kufika karakana. Kutembea uani kukawa ili aweze ule mwinuko wa kutoka getini. Mtu aliyekuwa akisukuma sahani pembeni akaanza kula, tena akigombana na shemeji kwamba amepunjwa.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huu nilimpeleka. Niliegesha gari getini, akanikataza kumshika. Alipanda polepole, akisimama kila penye kivuli, akijifanya anatazama majengo. Tulipoingia, Chokaa alikuwa hayupo, alikuwa amekwenda kwa mteja. Waliokuwepo ni mafundi wapya, hakuna aliyemjua. Dada alitazama ukuta. Chati. Jina, kazi, tarehe, tarehe. Akakaa kwenye benchi la wateja, na niliona mabega yake yakishuka. Nilitaka kumwambia twende nyumbani.

Kwenye jiliwa alikuwepo fundi mmoja, binti aliyeajiriwa karibuni. Aliweka chini msasa, akajifuta mikono kwenye aproni, akaja akachuchumaa mbele ya Dada. Hakumuuliza jina, wala kadi, wala ugonjwa. Akasema, "Shikamoo, mama. Karibu. Unataka kwenda wapi?"

Dada akainua kichwa. Akasema, "Marahaba. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Ndivyo tunavyoanza hapa, mama. Tusipojua unakokwenda hatuwezi kukutengenezea kitu."

"Nani amekufundisha?"

Yule binti akaonekana kushangaa. "Hakuna aliyenifundisha. Wote wanasema hivyo." Kisha akageuka, akampigia kelele mwenzake aliyekuwa akikata mkanda, "We! Huo mkanda ili nini?" Na yule, bila kuinua kichwa, akajibu, "Ili mzee wa sokoni abebe mzigo wake bila mguu kuchomoka!"

Marehemu alimshika yule binti mkono. Akamwambia, "Nataka kwenda nyumbani, mwanangu. Nilikotaka kufika nimeshafika." Binti akadhani ni mama mzee aliyepotea njia, akatusindikiza mpaka getini, akaniambia mimi nimwangalie vizuri.

Ndani ya gari nilimgombeza. Kwa nini hakusema yeye ni nani? Hata jina tu? Akaniambia, "Ili?" Akafungua dirisha, akaimba njia nzima, na wote mliowahi kumsikia akiimba mnajua hiyo haikuwa zawadi.

Baada ya siku hiyo hali yake ilishuka. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, alfajiri, nyumbani kwake, shemeji akiwa amemshika mkono na chai ikiwa jikoni. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Hakuteseka sana, na kwa hilo tunashukuru.

Juzi familia ilikutana na kamati ya mazishi kupanga siku hii ya leo. Msimamizi wa karakana alijitolea kuandika, kwa sababu ana mwandiko na ana kompyuta. Akaandika: viti. Kisha mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, akanung'unika, "Ili wazee wasisimame." Akaandika: turubai, ili mvua isitukatishe. Akaandika: spika, ili watu wa nyuma wasikie. Tukatazamana. Akaandika: hotuba za viongozi, tano, ili... Akakwama. Kalamu ikabaki hewani. Akafuta. Ndiyo maana leo mnasikia hotuba moja tu, na wanaotaka kushukuru washukuru. Ni hapo alipotambua alichokuwa akifanya. Akavua miwani, akasema alipoondoa ubao alidhani ameifuta ile "ili", kumbe wafanyakazi waliendelea nayo mdomoni, na yeye akaiokota kwao bila kujua. Alilia. Chokaa akamwambia, "Lia tu, bosi. Ili upate nafuu." Tukacheka pale msibani.

Kisha akafika mwisho wa ukurasa, akasoma, "Wasifu wa marehemu." Akanigeukia mimi. "Ili?"

Nimelibeba swali hilo siku mbili, juu ya lile la mwezi wa nane. Nililofikia ni hili. Wasifu huu hausomwi ili Dada asifiwe, maana angeufuta. Unasomwa kwa ajili ya fundi mmoja, yule binti wa karakana, aliyeketi pale nyuma na wenzake. Picha iliyo mbele ya ratiba hii ni ya zamani, kabla hajaugua, kwa hiyo huenda hujamtambua. Mwanangu, yule mama uliyechuchumaa mbele yake mwezi wa nane, ukamuuliza anataka kwenda wapi, ndiye huyu. Swali ulilomuuliza lilikuwa lake. Alikuwa amepanda kutoka getini kwa miguu yake ili ajue kama bado linaulizwa, na wewe ukamuuliza. Nimesoma yote haya ili Jumatatu asubuhi, mteja wa kwanza akiketi kwenye lile benchi, wewe umwendee ukijua.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na wadogo zake watatu, mimi nikiwa wa mwisho. Kaka yetu mkubwa alimtangulia. Ameacha karakana, na watu wengi ambao leo wamepanda kilima hiki kwa miguu, baadhi yao kwa miguu aliyoisaga yeye. Ameacha pia mguu mmoja usiokwenda popote, nyuma ya mlango wa fundi cherehani, ambao mwenyewe amekataa kuurudisha kwa sababu ya upepo.

Kilichobaki katika ratiba ni kumlaza. Tunamlaza ili apumzike kwa amani. Najua, Dada, hiyo haiishii kwa mtu anayekwenda mahali. Kwa leo tu, tukubalie.